Nilinunua suruali ya mitumba hapa Kolwezi, wakwe wakanipa kazi mgodini

Wakuu, salamu kwenu wote, mnaosoma mkiwa kazini kwa kujificha na mnaosoma nyumbani kwa kujidai.

Mimi ni mtu wa kusoma kimya humu. Miaka yote nawaangalia tu mnavyogombana. Leo nimeamua kutoa la kwangu, na halina chumvi. Anayebisha aje Kolwezi, soda juu yangu, nimpeleke kwa wahusika mmoja mmoja.

Kiswahili chetu huku Katanga ni cha mu- na ba-, na Kifaransa kinajichomeka kila mahali. Nitajitahidi kuandika kile cha vitabu. Ila watu wakianza kuongea nitawaacha waongee kwao, msinicheke.

Kwanza kazi yangu. Nakaa chini ya parasoli kubwa karibu na soko, natuma na kutoa pesa za simu. Sisi wa parasoli tunaitwa agent.

Shikeni hilo neno, ndilo lililonichoma.

Kwa sababu hapa Kolwezi lina ukubwa mwingine. Tangu enzi za wazazi wetu, agent ni mtu aliyeajiriwa na kampuni ya madini. Ana kontra, yaani mkataba wa kazi, ana karatasi ya mshahara, watoto wake wanatibiwa kwa kampuni. Ukisema "ule eko agent", mama mzee anakupangusia kiti kwa upindo wa kitenge chake.

Agent wa parasoli anapangusa kiti mwenyewe.

Haya, tuje kwenye mavazi.

Mimi nilikuwa mtu wa skinny. Wenzangu wa rika langu mnajua. Zile suruali za kuvaa ukiwa umelala kitandani, unavuta pumzi, unafunga zipu, unaomba Mungu usipige chafya. Tuliteseka lakini tulikuwa wazuri, au ndivyo tulivyoamini.

Sasa siku moja akaja kijana kutoa pesa. Amevaa suruali pana, watu wawili wangeingia na mmoja akabaki na nafasi ya kugeuka. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso, akasema kwa heshima kabisa (patalo ni suruali, njo ni ndiyo):

"Vieux, ile patalo njo ya dada yako?"

Foleni nzima ikacheka. Hata mama wa watu aliyekuwa analia kwa sababu pesa zake zilikwenda namba isiyo yake, alicheka.

Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Wakuu, nilionekana kama korongo.

Tena mji umegeuka. Mchimbaji wa mashimo akiuza mzigo wake, kesho yake amevaa kama mchungaji wa kanisa kubwa, suti inang'aa na kiatu cha ncha. Karani wa ofisini naye anatafuta suruali nzito yenye mifuko ya magotini ili afanane na mchimbaji. Kila mtu amevaa maisha ya jirani.

Nikaenda kwenye mitumba. Huku tunaita salaula, neno limevuka kutoka Zambia pamoja na mabalo, yale marobota yenyewe. Kuna mama mmoja ananijua, akifungua balo ananipigia simu. Nikaanza kushikashika nguo kwa vidole viwili kama mtu anayechagua nyanya. Akanifokea:

"Papa, usishike sawa unaogopa! Chimba! Tuko Kolwezi apa."

Nikachimba. Na chini kabisa nikakutana nayo.

Kitambaa cha buluu nzito, kisichochanika hata ukipigana na mbwa. Mifuko magotini. Chini ya goti mstari wa kijivu unaong'aa, ule wa kummulikia dereva gizani. Na kwenye mfuko wa paja, neno refu limedariziwa kwa uzi wa njano, la lugha ya Wazungu wa baridi huko, herufi zake zina vidoti juu kama zimeshikwa na mvua ya mawe.

Sikujua maana yake, na sikujali. Nani anasoma suruali?

Niliivaa kesho yake. Wakuu, nilipata dunia mpya.

Muuza mahindi akanichagulia hindi laini. Bar ya mtaani nikawekewa meza ya mbele. Mtu niliyesoma naye, ambaye kwa kawaida hunipita kama nguzo ya umeme, akasimama na kuniuliza habari za nyumbani. Wenye pikipiki tu ndio walionikomoa, walianza kunitoza bei ya mtu wa mgodini, na nikikataa wananiambia "patron, usijifanye maskini".

Ni ule mstari. Hapa kwetu mtu mwenye mstari unaong'aa ametoka mgodini, hakuna mjadala. Nilifurahi kama mtoto, sitawadanganya. Sikumwambia mtu kuwa nimeajiriwa. Nilikuwa natembea tu, na suruali inajisemea yenyewe.

Sasa hapa ndipo Nadège anaingia.

Nadège ni mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Anajua parasoli yangu tangu siku ya kwanza, tulianzia hapo hapo, alikuja kutoa pesa akaona natabasamu sana. Huyu mwanamke nampenda, naandika hivyo bila aibu. Tulikuwa tumebakiza jambo moja, mimi kwenda kujitambulisha rasmi kwao.

Jumamosi moja nikakutana na mama yake sokoni. Ndiyo mara ya kwanza ananiona kwa macho. Nilikuwa ndani ya suruali.

Mama akanisalimia, macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye mstari, yakatulia, ndipo akaniuliza kazi yangu.

"Baba, uko natumika wapi?"

Nikajibu kwa adabu, mikono miwili mbele:

"Mi niko agent, mama."

Wakuu, kuna uongo gani hapo? Nionesheni aliyesema uongo.

"Agent!" Mama akapiga makofi. "Nilijua! Hata kwa patalo inaonekana."

Jioni Nadège akanipigia simu. Nimeshakuwa mhandisi. Mama amewaambia jirani wa kulia, wa kushoto, na kwaya nzima ya kina mama kanisani. Nadège alijaribu kumrekebisha akaambiwa anyamaze, kwamba mwanaume mwenye akili anaficha kazi yake ili ndugu wasimmalize.

"Kuja mwenyewe umwambie," akaniambia. Hakuwa anacheka.

Nikaenda. Nikakaa na mama sebuleni, nikafafanua polepole kwamba mimi si wa mgodini.

"Mama, mi si wa mine. Mi niko agent wa pesa ya simu. Niko na parasoli pale sokoni."

"Njo vile, baba," mama akasema. "Siku hizi makampuni yote inalipa bantu ku simu. Kumbe ni we unabalipaka bote?"

"Apana, mama. Niko naikala chini ya parasoli."

"Lazima bakupe parasoli. Kule ku mine jua iko kali."

Niliingia mhandisi, nikatoka mhasibu. Nadège alinisindikiza mpaka barabarani.

Mnaweza kuuliza, basi kwa nini usicheke tu mambo yaishe? Kwa sababu ya baba yake, Tata Ilunga.

Tata Ilunga alifanya kazi ya ukarani wa reli mpaka akastaafu. Kwake yeye watu wako wa aina mbili, wenye kontra na wanaongoja kuwa na kontra. Ana msemo wake: "Mwanaume asiye na kontra, eko mugeni mu nyumba yake." Kabla yangu alishakuja mwanaume mmoja kumposa Nadège, mfanyabiashara wa makaa kutoka Mutshatsha, mtu mzuri mwenye lori lake. Mzee alimwuliza kontra iko wapi.

Yule ndugu alirudi na kreti yake.

Niwaeleze hiyo kreti. Kwao ukienda kujitambulisha unapeleka kreti ya bia, inawekwa katikati ya sebule. Haifunguliwi mpaka baba wa binti aseme. Akikukubali, chupa zinafunguliwa na nyimbo zinaanza. Akikukataa, mnabeba kreti yenu na kupita nayo mtaani ikiwa imejaa, na kila mtu yuko mlangoni kwake anaona.

Nilikuwa nalala naota nimebeba kreti.

Siku ikafika. Tulishakubaliana na Nadège: navaa suti, kaka yangu anaeleza kazi yangu vizuri, ukweli mtupu, litakalokuwa na liwe. Desturi mchumba hasemi, kaka yake ndiye mdomo wake.

Suti yangu mnaikumbuka ni ya enzi gani. Enzi za skinny.

Nikapanda pikipiki. Nilipoinua mguu kuvuka kiti, nyuma ikalia praaa, kutoka mkanda mpaka karibu na zipu. Mwenye pikipiki alicheka mpaka injini ikazimika. Kaka yangu ameshika kreti, hajui acheke au alie.

Nyumbani suruali safi ilikuwa moja tu.

Ndiyo hiyo hiyo, wakuu. Koti la suti juu, mstari unaong'aa chini. Kaka akasema, "Haina neno, tutasema ukweli, suruali si kitu."

Tukakaribishwa. Sebule imejaa. Kreti ikawekwa katikati. Mama alipoiona suruali akatabasamu kama mtu aliyepokea ushahidi. Nadège alipoiona akafumba macho.

Kaka akasafisha koo ili aanze. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mjomba Kabamba, kaka yake mama.

Huyu ndiye fahari ya familia. Yeye ni mkuu wa ulinzi katika kampuni moja ya madini, ndivyo nilivyosikia siku zote. Kila asubuhi anatoka na sare, jioni anarudi na sare. Neno lake likisemwa kwenye kikao, watu wanafunga midomo.

Mjomba alikuwa amevaa koti. Buluu nzito. Mstari unaong'aa mikononi. Na kifuani, kwa uzi wa njano, lile neno refu lenye vidoti.

Sebule nzima ikaangalia kifua chake, ikaangalia paja langu, ikarudi kifuani.

Mama akapiga vigelegele. "Banatumika pamoja! Na haikusemwa! Mungu wangu, banatumika pamoja!"

Mjomba akaja kunisalimia. Tunavyosalimiana wanaume huku, tunagonganisha vichwa, kulia, kushoto, kulia. Pua yangu ikafika kwenye kola yake.

Wakuu, mnaijua harufu ya balo. Ile ya dawa na safari ndefu, ambayo hata ufue kwa sabuni gani haitoki. Mjomba naye pua yake ilikuwa kwangu. Tukatazamana. Nikajua, naye akajua kuwa nimejua.

Tata Ilunga akauliza: "Kabamba, unamujua huyu kijana?"

Mjomba akafunga kifungo cha koti.

"Namujua sana. Tuko naye équipe moja."

"Mbona haukutuambiaka?"

"Mambo ya sécurité, haisemwake."

Kaka yangu akanigeukia, uso wake unauliza kama nimeajiriwa bila kumwambia. Ukweli tuliokuja nao ukawa hauna pa kukaa. Kaka akisema mimi ni wa parasoli, anamvua nguo mjomba mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, naoa kwa kazi ambayo sina.

Tata Ilunga akawa ameshaanza kuitazama kreti kwa jicho la urafiki.

Na ingeishia hapo kama si furaha ya mama. Mama alitaka jina la kampuni, awe nalo la kutaja kanisani. Akamwambia mdogo wake Nadège achukue simu, aelekeze kamera kwenye koti la mjomba, simu itafsiri. Binti akaelekeza. Mjomba akaanza kukunja mikono kifuani, lakini simu ilishasoma.

Binti akatazama kioo. Akatazama tena.

"Soma, mama," mzee akamwambia yule binti.

"Inasema..." akasita. "Inasema: Tunazibua ma-WC. Tunafika mbio."

Jamani.

Tata Ilunga akazungumza polepole sana.

"Kabamba. Kampuni ya cobalt inazibuaka ma-WC?"

"Ni... ni département, shemeji."

Hapo nikasimama. Najua mchumba hasemi. Lakini nilimwona Nadège ameinamisha kichwa, na nikaona aibu, si ya choo, aibu ya kwamba yeye peke yake siku zote alisema mimi ni nani na hakuna aliyemsikia.

"Tata, unisamehe, leka niseme mi mwenyewe. Hii patalo ni ya salaula. Mi sijatumikaka mu mine hata siku moja. Kazi yangu ni parasoli pale sokoni, pesa ya simu. Njo hiyo agent nilisema."

La mjomba sikuligusa. Nilikaa.

Lakini mzee si mjinga. Akageuka. "Na we, Kabamba?"

Mjomba akavua koti. Akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka mapajani.

"Shemeji, kampuni ilitufukuzaka kazi zamani. Mi niko nalima mihogo, njia ya kwenda Mutshatsha."

"Na bunga unatuletea? Ile ya cantine?"

"Ni ya shamba yangu."

Lazima nieleze kwamba mjomba alikuwa akiwaletea unga akidai ni wa duka la kampuni, na Tata Ilunga alikuwa anausifia kwa kila mgeni. Bukari (ndiyo ugali) ya kampuni, anasema, ona weupe wake, wakulima hawawezi kutengeneza hivi.

Mzee akaigeukia kreti. Nikaanza kupima kwa macho kreti yetu ina uzito gani kuirudisha.

Ndipo Nadège akasimama. Anafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo sauti anayo.

"Tata, mi niko na kontra. Na signature, na cachet, muhuri kabisa. Mushahara ikichelewa, hii nyumba inakulaka nini? Bukari ni ya mihogo ya mjomba. Na samaki, ulikuwa unafikiri inatoka wapi? Ni huyu wa parasoli anatumaka pesa yake. Mu hii nyumba muntu wa kontra ni mi peke yangu, na mi njo sina kitu."

Kwanza akacheka mjomba, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Kisha kaka yangu. Mama alikuwa ameficha uso ndani ya kitenge, mabega yanaruka, sikujua kama analia.

Tata Ilunga hakucheka. Aliniita nisogee karibu.

"Ile parasoli ni ya nani?"

"Ni yangu, tata."

"Ulinunua mwenyewe?"

"Mi mwenyewe."

"Hakuna mukubwa anaweza kuamuka asubuhi akufukuze?"

Nikafikiri. Nilitaka kumjibu kweli.

"Mvua, tata. Mvua tu."

Akanitazama. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, na pensheni yake bado anaiulizia mpaka leo. Sikujua anafikiri nini. Kisha akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka.

"Leteni kifungulio."

Wakuu, chupa ya kwanza ilipolia, nililia na mimi. Nadège alinipiga bega akasema nisichafue suruali ya watu.

Nilidhani yameisha. Wakati wa kuaga, mzee akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya mlango. Nikajua sasa linakuja onyo la baba kwa mkwe. Akaangalia kulia na kushoto.

"Mukwe. Ile patalo, kama hauna kazi nayo tena... mi na we, kiuno iko sawa."

Nikampa wiki hiyo hiyo, imefuliwa na kupigwa pasi. Mjomba akamwachia koti. Sasa kila Jumapili Tata Ilunga anakwenda misa na seti kamili, anakaa benchi la mbele, anaimba kwa sauti, na kifuani na pajani imeandikwa kwamba wanazibua vyoo na wanafika mbio.

Nadège alimkumbusha maana yake. Mzee akajibu: "Mu kanisa, nani anasomaka hiyo luga?"

Nilichojifunza ni kidogo. Mtindo utageuka tena, skinny zitarudi, msichome zenu, ila msipande nazo pikipiki. Kabla hujavaa maandishi ya watu, ulizia yanasema nini. Na ukiulizwa kazi na mama mkwe, maliza sentensi, usiishie katikati ukaiachia suruali imalizie.

Mimi sasa navaa pana ya kawaida, haina mstari wala neno. Muuza mahindi amerudi kunipa yale magumu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani humu amewahi kupewa cheo na nguo ya mitumba? Na yule anayejua lugha ya vidoti aje aniambie, nina fulana nyingine mpya hapa, naogopa kuivaa.